Kaseti Namba 31

Sajenti Justa Komba hakupenda kesi zinazofika mezani kwake zikiwa zimeshapikwa, na hii ilikuwa imeiva mpaka inaanza kuungua. Jalada lilisema kwamba Alhamisi, saa nne asubuhi, katika duka la vifaa vya ujenzi la Mama Bhagwati mjini Shinyanga, kaseti moja iliibwa. Onesmo, mfanyakazi wa duka hilo, alionekana na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akiruka dirishani huku kioo kikivunjika. Alipokamatwa jioni yake hakukana wala hakukiri. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mkuu wa kituo alikuwa ameandika: "Mahakamani Jumatatu. Hakuna dhamana hadi mali ipatikane."

"Malizia maelezo tu, Sajenti," mkuu alimwambia asubuhi ile ya Ijumaa. "Hiyo ni kesi ya dakika kumi."

Justa alikuwa na miezi minane tu Shinyanga, akitokea Songea, lakini alikuwa na miaka kumi na mmoja katika upelelezi. Kesi za dakika kumi alizijua. Ndizo zinazomla mtu siku nzima na chakula cha mchana asikione. Alichukua daftari lake akaenda mahabusu.

Onesmo alisimama alipomwona. Alikuwa kijana mrefu, mwenye shati ambalo mstari wa pasi ulikuwa bado umekaa sawa ingawa mwenyewe alikuwa amelala sakafuni.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Ufunguo wa chumba cha nyuma pale dukani anao nani?"

"Ninao mimi. Mmeuchukua jana, uko kaunta."

"Na jana saa nne mlango ulikuwa umefungwa?"

"Ulikuwa wazi, afande."

"Kulikuwa na mtu mlangoni?"

Onesmo alitazama vidole vyake vya miguu. "Siwezi kusema."

"Hakuwepo, au huwezi kusema?"

"Siwezi kusema, afande."

"Haya. Kaseti iko wapi?"

"Iko kwa mwenyewe."

Justa aliandika neno hilo, akalipigia mstari. "Mwenyewe si Umesh, bosi wako?"

Onesmo alirudi kutazama vidole vyake.

"Nasikia unaoa."

"Kesho, saa nane mchana." Aliinua uso. "Baba yake Asteria ametuma mtu alfajiri ya leo. Amesema binti yake haolewi na mwizi. Kama jua linazama leo nikiwa humu ndani, ng'ombe wa mahari wanarudi kwetu kesho asubuhi."

"Basi sema ukweli utoke!"

"Nikisema, afande, ndiyo nitakuwa nimeiharibu harusi kabisa."

Justa alifunga daftari. Waongo aliwazoea, wengine aliwapenda hata, kwa sababu mwongo humpa mpelelezi pa kuanzia. Huyu hakuwa anadanganya. Alikuwa ameushika ukweli kwa meno na yuko tayari kupoteza mke kwa ajili yake.

Alitoka na Koplo Maige, kila mtu na baiskeli yake. Maige alikuwa mwenyeji wa hapo hapo Shinyanga, mnene, mcheshi, na mwenye jamaa katika kila mtaa. Mwezi ulikuwa wa Julai, pamba imeshauzwa, na mji ulikuwa na harusi kila kona.

Duka la Mama Bhagwati lilinuka misumari na kamba mpya. Mama mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya kaunta, sari nyeupe, macho yake yakiwa yameshatiwa ukungu na uzee kiasi cha kutoona hata mkono wake.

"Shikamoo, mama," Justa alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa Songea."

"Umejuaje?"

"Fundi aliyetujengea ghala alikuwa wa huko. Mnaongea kama mtu anayembembeleza mtoto. Na huyo anayehema ni Maige. Mwangaluka, Maige!"

"Mwangaluka, mama!" Maige aliitikia salamu hiyo ya Kisukuma kwa furaha, kisha akaanza kuhema polepole ili asitajwe tena.

Umesh, mwanawe, aliwapeleka chumba cha nyuma. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, miwani imefungwa na uzi. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta, na kando ya ukuta sanduku la mbao lenye kaseti zilizopangwa kwa namba. Dirisha halikuwa na kioo tena, lilizibwa na boksi la sabuni.

"Ngoja kwanza uone kilichoibiwa kinafanya kazi gani," Umesh alisema. Alimsogezea Justa kipaza sauti kidogo. "Sema neno lolote la bidhaa ya dukani. Saruji, bati, misumari, kamba."

Justa alijiona mjinga, lakini aliinama. "Saruji."

Kompyuta ilikaa kidogo, ikatafakari. Kisha ikajibu kwa sauti ya Umesh iliyorekodiwa: "Ghala la nyuma, upande wa kushoto."

Maige aliruka nyuma akashika rungu lake. Justa alicheka mpaka akaegemea meza. Alirudia na bati, akarudia na kamba, na kila mara ilipojibu alipiga makofi kama yuko sherehe. Alipokumbuka kwamba yuko kazini alikuwa ameshamaliza orodha yote.

"Inaitwa Sikio," Umesh alisema, uso wote ukimng'aa. "Nimeitengeneza kwa ajili ya mama. Macho yamemwishia, lakini anataka kuendelea kuuza. Anataja kitu, Sikio linamwambia kiko wapi."

"Najua viko wapi!" Mama Bhagwati alipaza sauti kutoka dukani. "Nilivipanga mwenyewe!"

"Programu yenyewe si yangu," Umesh aliendelea, akijifanya hakusikia. "Wameianza wasomi huko ng'ambo, wakaiacha wazi. Haiuzwi. Ni kama kisima cha kijiji. Kila mtu anateka, na anayeweza anaruhusiwa kukichimba zaidi, mradi asikifunike. Wao hawakuwa na Kiswahili. Mimi nakiongeza, kisha nawarudishia wote."

"Na kaseti?"

"Sikio halifundishwi na mtu mmoja. Lilipofundishwa kwa sauti yangu lilinielewa mimi tu, Maige angelisemesha mpaka kesho. Kwa hiyo tunakusanya sauti. Onesmo amekwenda Katoro kwa wachimbaji, Nkome kwa wavuvi, Masumbwe kwa wakulima. Kila mtu anasema maneno ishirini, mara tatu. Halafu Onesmo anakaa hapa anasikiliza, anaandika kila neno linaanza sekunde gani na linaishia wapi. Kaseti moja inamchukua nusu siku. Mimi subira hiyo sina."

"Iliyopotea ni ipi?"

"Namba thelathini na moja. Hiyo nilirekodi mwenyewe, hapa sokoni, Onesmo akiwa Nkome." Alifungua daftari. Justa alisoma: *31. Mwanamke. Miaka hamsini na zaidi. Nyumbani Kisukuma. Muuza vyungu.*

"Jina?"

"Hatuandiki majina. Mtu ametupatia sauti yake, hakutupatia jina."

"Kuna mtu aliyeitaka?"

Umesh alifunga daftari. "Binamu yangu, Mihir, wa Mwanza. Anataka kutengeneza programu kama hii ya kuuza, iwe yake peke yake. Juzi Jumatano alikuwa hapa, tukagombana."

Justa aliomba simu ya duka akapiga Mwanza. Mihir alipokea, akasikiliza, akaangua kicheko kilichosikika mpaka kwa Maige.

"Niibe nini, afande? Umesh amenipa kaseti zote thelathini za kwanza, nakala, bure! Ya thelathini na moja ameniahidi ikikamilika. Mimi nilitaka aniuzie ziwe zangu peke yangu, akaniambia kitu hicho hakipo. Tukagombana, tukala chapati za shangazi, nikapanda basi Jumatano hiyo hiyo. Hata wewe ukimwomba atakupa."

Justa alimgeukia Umesh. "Ni kweli?"

"Ni kweli," Umesh alisema kwa aibu kidogo. "Nampa yeyote anayeomba."

Basi njia ya Mihir iliishia hapo. Justa alisimama katikati ya chumba akatafuna kalamu. Mtu haibi maji ya kisima kilicho wazi. Kama kitu kinagawiwa bure, aliyekichukua hakutaka kuwa nacho. Alitaka kisiwepo hapa. Na kama ni Onesmo, mwenye ufunguo, mwenye kushinda na kaseti hizi kutwa nzima, angeweza kuitia mfukoni akatoka mlangoni akipiga mluzi. Kwa nini avunje kioo?

"Jana alikuwa anasikilizia wapi?" aliuliza. "Naona hedifoni hapa."

"Panya wamekata waya tangu Jumatatu. Alikuwa anatumia redio kaseti na spika zake. Zile pale."

Justa alitazama. Redio kaseti ilikuwa kwenye rafu iliyopigiliwa ukutani, sentimita chache kutoka kwenye fremu ya mlango, kwa sababu soketi ya umeme ilikuwa hapo. Spika mbili zilikuwa juu yake. Alikaa kwenye kiti cha Onesmo. Alitazama mlango, akatazama dirisha. Aliyekaa hapa, kama anataka kutoka mlangoni, au hata kama anataka kuizima redio tu, lazima aisogelee sauti. Alipima kwa hatua zake akaandika: *mlango hatua nne, dirisha hatua moja*.

Alirudi dukani akavuta kreti la soda, akakaa karibu na Mama Bhagwati.

"Mama, jana ulikuwa hapa. Nieleze ulichosikia, kwa mpangilio wake."

Mama Bhagwati alinyoosha mgongo. Ilionekana kwamba alikuwa akisubiri swali hilo tangu jana na hakuna polisi aliyekuwa na akili ya kumuuliza kipofu aliona nini.

"Onesmo alibonyeza redio. Mwanamke akaanza: moja, mbili, tatu. Alipofika tano, kiti kilianguka. Nikasikia Onesmo anasema 'Yesu wangu'. Halafu kioo."

"Na mwanamke?"

"Aliendelea. Sita, saba, mpaka kumi, halafu bati, halafu saruji, mara tatu zote. Hakuna aliyemzima. Kaseti ikafika mwisho, ikakata, *taa!* Muda kidogo Onesmo akarudi. Polepole, miguu mitupu. Akatoa kaseti. Akasema, 'Nisamehe, mama.'"

"Alikuomba wewe msamaha?"

"Nilidhani ni kwa ajili ya kioo. Nikamwambia, hakuna neno, mwanangu. Hakunijibu. Na Onesmo hajawahi kuacha kunijibu." Mama alikunja midomo. "Halafu nikasikia kitambaa kipya kinakunjuliwa. Khanga. Kitambaa kikiwa na wanga bado kinapiga kelele."

Justa alimshukuru akatoka, kichwa kikimzunguka. Mtu anamkimbia mwanamke asiyekuwepo. Anasubiri amalize kuongea. Anarudi bila viatu, anamwomba msamaha, anamfunga kwenye khanga mpya. Wizi wa namna hiyo hakuwahi kuusikia, hata kwa walevi.

Walikuwa wamefika karibu na kituo cha mabasi wakati Koplo Maige, aliyekuwa akimsimulia habari za bei ya mbuzi, alipotoweka. Baiskeli yake ilikuwa imelala barabarani, gurudumu likizunguka. Justa aligeuka huku na huku. Kofia ya polisi ilichungulia nyuma ya meza ya muuza nyanya.

"Maige! Kuna nini? Jambazi?"

"Pita tu, afande! Usinitaje jina!"

Barabarani hakukuwa na mtu isipokuwa mama mmoja mfupi mwenye kikapu, akienda zake taratibu. Naye alipoiona ile baiskeli aligeuzia uso upande wa pili na kuvuka barabara. Alipotokomea, Maige alitoka akijipangusa maganda ya nyanya.

"Mama mkwe," alisema. "Amekuja kutoka kijijini bila taarifa. Ningekutana naye uso kwa uso ningelala wapi leo?"

"Unamkimbia mama wa mke wako?"

"Simkimbii, namheshimu! Kwetu Usukumani mkwe hakai na mama mkwe mahali pamoja, hapishani naye njiani, hamtazami. Ukiwa ndani naye akaingia, unatoka kokote palipo na tundu."

Justa alisimama palepale, baiskeli mkononi. Furaha ilimpanda kutoka miguuni.

"Na sauti yake?"

"Sauti unaisikia ukiwa nyuma ya ukuta. Lakini ukae naye chumbani akuongeleshe?" Maige alitikisa kichwa kwa hofu ya kweli. "Hapana, afande. Hiyo ni aibu. Watu wakijua, hata harusi..." Mdomo ulibaki wazi. "Afande. Mama yake Asteria anauza vyungu."

"Nilijua unamjua," Justa alisema. "Sasa niambie, kama mtu amekosa adabu kwa mama mkwe na anataka kumrudishia kilicho chake, hawezi kwenda mwenyewe. Anamtuma nani?"

"Mshenga. Hakuna mwingine." Maige alikuwa tayari ameshapanda baiskeli. "Mshenga wao ni Mzee Pantaleo, fundi baiskeli, hapo mbele!"

Mzee Pantaleo alikuwa amepindua baiskeli ya mtu, mikono imejaa grisi. Ndiyo, alisema, jana mchana Onesmo alimpa kifurushi cha khanga akipeleke mtaa wa Ndala, kwa Mama Asteria. Ndani kulikuwa na nini? Mzee alimtazama Justa kama ameulizwa uzito wa moyo wake.

"Mshenga hafungui, afande. Mshenga anafikisha."

Nyumbani kwa akina Asteria kulikuwa na sufuria kubwa sita na hakuna moto chini ya hata moja. Wanawake walikaa kimya kwenye mikeka, mchele umechaguliwa nusu. Mama Asteria alitoka, mwanamke wa mabega mapana, khanga mpya begani. Justa alimwamkia, akauliza habari za kifurushi.

"Kipo. Khanga hii, na kaseti. Nilidhani ni nyimbo za harusi. Nikaiweka kwenye redio, nikajisikia mwenyewe nahesabu moja mpaka kumi!" Aliinua mikono. "Nilimpa Mhindi sauti yangu pale sokoni kwa kucheka tu. Sasa mkwe wangu ananirudishia ya nini? Nimelala nikiwaza, ameikataa sauti yangu? Asubuhi nasikia amefungwa kwa wizi. Wizi wa nini, afande?"

"Wa kaseti hiyo, mama."

Justa alimweleza yote, kiti kilivyoanguka, kioo, miguu mitupu, khanga. Alieleza pole pole, maana wanawake wote walikuwa wamesogea na mmoja alikuwa anatafsiri kwa Kisukuma kwa ajili ya bibi yake Asteria. Alipofika penye dirisha, bibi alikuwa wa kwanza kucheka. Kisha mkeka mzima. Mama Asteria hakucheka mara moja. Alikaa chini kwenye kinu, akafunika uso kwa khanga ile mpya, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Amevunja kioo," alisema, machozi yakimtoka. "Kwa ajili ya hesabu yangu!"

Vigelegele vilipasuka hata kuku wakakimbia. Mtu aliwasha moto chini ya sufuria ya kwanza. Mama Asteria aliinuka, akaingia ndani alikokuwa mumewe, na kwa dakika tano sauti yake pekee ndiyo iliyosikika. Alipotoka alikuwa na kaseti mkononi na viatu miguuni.

"Twende kituoni," alisema. "Jua halisubiri."

Mkuu wa kituo, mtu wa Pwani, alisikiliza maelezo ya Justa akiwa amekunja uso. Umesh alikuwa ameshafika na alikuwa akirudia kwamba anafuta malalamiko, anafuta kabisa, na kioo nacho kisihesabiwe.

"Hadithi tamu," mkuu alisema. "Ushahidi?"

Justa alikuwa amejiandaa. Onesmo aliletwa akakalishwa kwenye benchi. Mama Asteria alibaki nje, kwenye baraza. Justa aliweka mezani redio kaseti ya Umesh, akacheza kaseti namba kumi na mbili, mvuvi wa Nkome akihesabu. Onesmo alisikiliza kwa utulivu, hata akamsahihisha Umesh kwamba hiyo ni ya kumi na tatu, imewekwa kwenye kava lisilo lake.

Kisha, bila kusema kitu, Justa akaweka ya thelathini na moja.

"Moja," ilisema sauti nzito ya Mama Asteria. "Mbili."

Benchi lilipinduka. Kabla ya tatu, Onesmo alikuwa pembeni kabisa mwa chumba, uso umebanwa ukutani, mikono kichwani. Koplo Maige naye, ambaye mama huyo hakuwa mkwe wake hata kidogo, alikuwa ameshafika nusu ya njia kuelekea uani.

"Zima! Zima!" mkuu wa kituo alipiga kelele. "Mnamtesa kijana wa watu!" Halafu akavua kofia yake, akaiweka mezani, akacheka mpaka ikabidi aletewe maji. Alipopumua alichukua jalada, akatafuta ile kalamu nyekundu, akapiga mstari mrefu juu ya maneno yake mwenyewe. "Huru. Sasa hivi. Mfikishe kwao."

Lakini Onesmo hakutoka. Mlango wa kituo ulikuwa mmoja, na barazani palikuwa na mama mkwe. Justa alikwenda akasimama mlangoni, katikati yao, mmoja nje na mmoja ndani.

Mama Asteria aliangalia barabarani. Alizungumza na Justa peke yake, kwa sauti iliyotosha kuvuka kuta mbili.

"Afande, mwambie huyo kijana kwamba baba yake Asteria nimeshamtuliza. Ng'ombe wako zizini na watalala humo humo. Mwambie kesho ni saa nane."

Justa aligeuka. Onesmo alikuwa hatua tatu nyuma yake, bado uso ukutani. Alikuwa amesikia kila neno, kama kituo kizima kilivyosikia.

"Onesmo, umeambiwa kesho saa nane."

"Mwambie mama nimesikia."

"Anasema amesikia, mama."

"Wabeja," Mama Asteria alishukuru kwa Kisukuma. Aliteremka ngazi moja, akasimama, akiwa bado amewapa mgongo. "Na mwambie nimefurahi."

Sajenti Justa Komba alikuwa amepeleka ujumbe mwingi katika miaka kumi na mmoja ya kazi, karibu wote wa kumliza mtu. Aligeuka kumtazama kijana kwanza.

"Onesmo," alisema, "mama yako amefurahi."